Naomba ushauri: kompyuta inazungusha feni tu, skrini nyeusi

Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani, mtumba, ndiyo inayoendesha kibanda changu cha kutoa kopi. Tangu umeme ukatike ghafla juzi, nikiiwasha feni inazunguka, inapiga mlio mara tatu, kisha kimya. Skrini nyeusi tii.

Jana nimeifungua, nikachomoa ram (vijiti vya kumbukumbu) zote mbili, vumbi lake usiseme, nikasugua yale meno ya dhahabu kwa ufutio, nikarudisha moja tu. Ikawaka! Ila saa imerudi 2009, na inataka nibonyeze F1 ndipo iendelee. Nikichomoa waya usiku, asubuhi saa imerudi nyuma tena.

Ile betri ya duara ya kutunza saa, CR2032, nimeipima ikasoma volti 2.1 badala ya 3. Sawa, imechoka, lakini betri ndiyo ilete milio mitatu kweli? Fundi wa jirani anasema mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) imeungua, ninunue nyingine. Simwamini sana, maana hata kuifungua hakuifungua.

Nibadilishe betri kwanza, au nijaribu ram ya pili kwenye tundu lingine? Humo kuna kazi za wateja sijazinakili popote.