Kadi ya harusi Uholanzi imeandikwa "avondfeest": tujiandae vipi?

Mkazi wa Nyegezi: Wakuu, kadi imetufikia hapa Mwanza, harusi iko Utrecht. "Avondfeest", 20.00, na chini kuna picha ya bahasha. Hakuna kamati wala mchango. Twende na nini? Vitenge tuwakabidhi ukumbini?

Binti Kirumba: Dada, hiyo ni sherehe ya jioni tu. Waholanzi hugawa wageni: wa mchana (daggasten) hushuhudia ndoa, hula keki na chakula cha jioni, nyie mnaingia baada ya hapo. Kwa hiyo kuleni kabla ya kutoka. Pilau hakuna, ni vinywaji na vitafunwa kama bitterballen: viduara vya mchuzi mzito wa nyama vilivyokaangwa. Ganda hupoa haraka lakini ndani panaunguza, ng'ata kidogo mvuke utoke kwanza. Na jina lisilo kwenye kadi msiende nalo, hata la mtoto.

Mzee wa Igoma: Bahasha maana yake wanaomba pesa. Wekeni euro ndani ya kadi yenye majina yenu, la sivyo hawatajua wamshukuru nani. Vitenge vipelekeni nyumbani siku nyingine. Mkitaka kuimba au kusema neno, mwandikieni mapema ceremoniemeester, ndiye mshika ratiba; mkishtukiza mtavuruga mpangilio wake. Saa 2 ni saa 2 kamili. Wapongezeni maharusi, na wazazi wao pia: "gefeliciteerd".

Binti Kirumba: Shikamoo mzee, umemaliza. Niongeze tu: msishangae wakiwa wameshafunga ndoa serikalini, kisheria hutangulia ya kanisani.