Tupeane uzoefu: Ulijua nini kuhusu kituo cha mtoto baada ya kulipa, ambacho ungeweza kukijua kabla?

Mleta mada, Kimara

Ndugu wazazi na walezi, nimeleta mada hii baada ya kumwondoa mwanangu katika kituo cha pili ndani ya mwaka mmoja, na sasa natafuta cha tatu. Naomba tusitaje majina ya vituo. Kila mmoja aeleze jambo alilolitambua akiwa amekwisha kulipa ada, ingawa lilikuwa mbele ya macho yake tangu siku ya kwanza.

Nianze na langu. Kituo cha kwanza nilikikagua siku ya Jumamosi. Mkurugenzi mwenyewe alinizungusha, nikaona ukuta uliochorwa twiga, bembea mpya, vitanda vidogo vyenye mashuka yaliyopigwa pasi, na jiko lisilo na tone la mafuta. Nikalipa muhula mzima siku ile ile. Wiki ya tano nilipita saa tano asubuhi kupeleka dawa ya kikohozi niliyoisahau, nikakuta watoto 19 na dada mmoja, naye alikuwa jikoni akichambua mchele. Watoto wote walikuwa wamelazwa kwenye magodoro, madirisha yamefungwa, televisheni inaimba peke yake. Wengi hawakuwa na usingizi. Walijilaza macho makavu, kwa kuwa walikwisha kujua kwamba anayeinuka anarudishwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwanangu alikuwa akikesha hadi saa sita usiku. Jumamosi ile nilikagua jengo. Watoto sikuwakuta, wala sikujiuliza kwa nini nilialikwa siku ambayo hawapo.

Mama wa Ukonga

Pole sana, dada. Langu lilihusu maziwa. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inatupatia likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mapacha, na inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku katika muda wa kazi. Saa hizo zinamfaa mama ambaye mtoto wake yuko jirani. Mimi ninafanya kazi Posta, na kwenda Ukonga na kurudi kwa daladala ni nusu ya siku, kwa hiyo nilikuwa nikikamua alfajiri na kumkabidhi mlezi chupa tatu.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hayapaswi kukaa nje ya friji zaidi ya saa 4, na hesabu hiyo ni ya chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25, jambo ambalo Dar es Salaam ya mwezi wa Februari hailijui. Friji nilionyeshwa, ndefu na nyeupe, nami nikaridhika bila kuifungua. Mwezi wa pili ilifunguliwa mbele yangu kwa bahati mbaya: ilikuwa imejaa soda za kuuza, na chupa za watoto zilikuwa zimepangwa juu ya kabati, mbili kati yake hazina majina. Mwanangu alikuwa ameharisha mara tatu, nami nilikuwa nikilaumu meno.

Sasa ninapokwenda mahali huomba kuifungua friji mwenyewe, kisha huuliza umeme ukikatika mchana kutwa maziwa yatapelekwa wapi. Mahali alipo mwanangu leo, mlezi alinijibu bila kubabaika kwamba kuna sanduku la barafu, na barafu ikiyeyuka anampigia kila mama simu.

Baba wa Arusha

Mimi nilinaswa na Kiingereza. Binti yangu alipotimiza miaka 3 tulimpeleka chekechea yenye sifa kubwa, na baada ya miezi miwili alikuwa akisoma alfabeti yote ya Kiingereza akiwa amesimama wima mikono nyuma, wageni wakipiga makofi. Kila Ijumaa alirudi na kurasa nne za kazi ya nyumbani, na mama yake ndiye aliyezijaza, kwa sababu kidole cha mtoto wa miaka 3 hakijawa tayari kushika penseli kwa nusu saa. Siku moja bibi yake alimuuliza kwa Kiswahili amekula nini shuleni. Mtoto akamtazama tu, akaangalia mlango kama anayeogopa kusikika. Kumbe darasani aliyezungumza Kiswahili alivalishwa kibao shingoni.

Naomba nieleweke kwamba sipingi Kiingereza, kwani mimi mwenyewe kinanilisha. Ninachosema ni kwamba ningekaa darasani nusu saa tu kabla ya kulipa, ningesikia watoto wakiitikia kwa pamoja kama kwaya, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwalimu swali.

Mlezi, Mwanza

Naomba niseme nikiwa upande wa pili, kwa kuwa nimelea watoto katika vituo vinne. Wazazi hutuuliza ada, chakula, usafiri na sare. Katika miaka yote hiyo ni mzazi mmoja tu aliyeniuliza, "Wewe hapa una muda gani?" Lingekuwa swali la kwanza. Mahali ambapo mishahara inacheleweshwa, walezi wanabadilika kila baada ya miezi miwili, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaachwa kila mara na mtu asiyemjua. Yule aliyemzoea ameondoka Ijumaa bila kuaga, na Jumatatu mtoto analia getini, mzazi anaambiwa ni deko.

Ulizeni pia kila mlezi ana watoto wangapi, na msikubali kupewa hesabu ya jumla inayomjumuisha mpishi, mlinzi na mwenye kituo. Na sisi nasi tusikilizwe: kituo kinafungwa saa kumi na moja jioni, mzazi anafika saa moja na nusu usiku kwa sababu ya foleni, siku tatu mfululizo, na mimi nina mtoto wangu ananisubiri nyumbani.

Mama wa Tabata

Kuna anayeamini kamera? Kituo chetu kilikuwa nazo 8, na nilikuwa nikimtazama mwanangu kwenye simu nikiwa kazini.

Mama wa Ukonga

Tabata, kamera za chooni hazipo, wala hazipaswi kuwapo. Uliza nani anamwosha mtoto akijisaidia, ni mtu yule yule kila siku au yeyote aliye karibu, na mlango unabaki wazi au unafungwa. Uso wa anayejibu ndio utakaokueleza.

Baba wa Dodoma

Niongeze la makaratasi, ambalo wengi tunaliruka. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana na shule ya awali ni vitu viwili. Kituo kinasajiliwa upande wa ustawi wa jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Shule ya awali inasajiliwa na wizara yenye dhamana ya elimu. Nilipohamishwa kikazi nilikwenda kuomba barua ya uhamisho wa mwanangu, nikaambiwa kwa upole kwamba namba ya shule "inashughulikiwa". Cheti nilichokuwa nikikiona ukutani, kwenye fremu ya dhahabu, kilikuwa leseni ya biashara. Ukimwendea afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako na jina la kituo, atakwambia kama anakitambua. Mimi nilikwenda nikiwa nimekwisha kulipa ada ya mihula mitatu.

Mama wa Mbagala

La gari nitalisema kwa ufupi maana bado linaniuma. Mtoto wa miaka 4 alipitiwa na usingizi chini ya kiti cha gari la shule, dereva akaliegesha kivulini, na kilichomwokoa ni kilio chake kusikiwa na muuza machungwa. Serikali imekwisha kuelekeza magari ya wanafunzi yawe na wahudumu wa jinsi zote mbili, lakini lile lilikuwa na dereva na konda wa kuazima. Simameni shuleni asubuhi moja mtazame watoto wakishuka: je, kuna anayewahesabu kwa orodha, na kuna anayepanda tena kukagua viti?

Mama wa Mombasa

Huku kwetu Mombasa nilimpeleka mwanangu chekechea ya madrasa ya mtaani, katika ule mpango ulioanzia hapa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan na baadaye ukafika Zanzibar na Uganda. Nilimpeleka shingo upande, kwa kuwa pesa za pale nilipopataka hazikutosha. Chumba hakina twiga ukutani. Watoto wanahesabu kwa makombe ya pwani na vifuu, duka la kuchezea limejaa makopo matupu ya maziwa na mizani ya vijiti, na mwalimu ni mwanamke wa mtaa huu huu ambaye jioni nakutana naye sokoni, akaniambia leo Swaleh amegombana na mwenzake na wamepatana. Nililolijua baada ya kulipa ni kwamba kidogo nilicholipa kilitosha.

Mleta mada, Kimara

Ahsanteni nyote. Jana nilikwenda kwenye kituo cha tatu bila kupiga simu, saa sita na robo, wakati wa chakula. Mlinzi hakunifungulia. Nilisema mimi ni mzazi mtarajiwa, akasema hanijui, na mtu asiyejulikana haingii watoto wakiwa ndani hadi mlezi mkuu atoke. Nikasimama juani dakika kumi nikikereka, nikisikia vijiko vinagonga sahani na mtoto mmoja akilalamika kwamba samaki ana mwiba, na sauti ya mtu mzima ikimjibu, "Lete nikutolee." Mlezi mkuu alipotoka alikuwa na wali mkononi. Akaniomba radhi, akaandika jina langu na namba ya kitambulisho kwenye daftari, akaniingiza. Nimelipa muhula mmoja.