Mhuri wa "Halina Msingi" umegongwa kabla ya ukurasa wa pili kufunuliwa!

Ndugu zangu wa Kisumu, ninaandika mkono ukiwa bado unatetemeka. Yule bwana wa dirisha la mwisho katika ofisi ya malalamishi dhidi ya watumishi wa umma, ambaye nyote mnamjua na sina haja ya kumtaja, leo asubuhi ameligonga lalamishi langu mhuri wa "Halina Msingi" kabla hajafunua ukurasa wa pili, na ukurasa huo ndio uliokuwa na tarehe na namba ya stakabadhi ya mizani yangu ya samaki iliyochukuliwa na askari wa soko. Nilipanga foleni tangu alfajiri, nikazeeka miaka minne kwenye lile benchi, ilhali mhuri ulipotua kijiko kilikuwa bado kinazunguka katika kikombe chake cha chai. "Mama, hili ni jambo dogo," akaniambia. Dogo! Sikatai kwamba ofisi kama hiyo ina haki ya kukataa malalamishi madogo, maana wako watu wanaoshtaki hata upepo, lakini udogo wa jambo anaupimaje mtu ambaye hajafunua ukurasa wa pili?

Jirani wa Kondele: Pole, dada, ingawa sisi wateja wako tunajua kwamba mizani hiyo ilikihesabu kidole chako kuwa robo kilo.

Karani Mstaafu: Bila mamlaka ya kutupilia mbali malalamishi yasiyo na uzito, ya kweli yangeozea chini ya rundo. Hata hivyo, Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na hatua ya kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na mhuri si sababu. Rudi ukadai barua, mama.

Mwana wa Nakuru: Wewe angalau ulipata mhuri. Mimi nililalamika kuhusu jogoo wa mkubwa mmoja anayewika saa nane usiku, nikajibiwa kwa mdomo kwamba jogoo si mtumishi wa umma.

Karani Mstaafu: Hapo walisema kweli. Lalamishi lako halikuwa dogo, ila ulilipeleka kwenye mlango usio wake.

Mwenye uzi: Tafadhalini, tulikuwa kwenye mizani yangu na ukurasa wa pili.

Jirani wa Kondele: Ndugu wa Nakuru, huyo jogoo huwika hata usiku wa mvua?