Yule jamaa wa kirikuu KANIOSHEA MAWE, na bado anadai hela ya sabuni!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka.

Yule jamaa wa kuhamisha vyombo mnamjua. Simtaji. Yule wa "bosi wangu mwenyewe". Nusu ya Kigamboni imehamishwa na yeye na nusu nyingine inamdai. Leo ilikuwa zamu yangu, natoka Kigamboni kwenda Goba. Nikamwambia mapema: kitanda vunja, sofa buruza, televisheni ikianguka tutaongea. Ila zile ndoo zenye mifuniko USIGUSE. Nimeandika kwa maka peni nyekundu, USIFUNGUE, herufi kubwa ambazo rubani angezisoma akiwa angani. Ndani yake kuna mawe ya akwariamu yangu, yaani tangi la samaki wa maji chumvi, yamelala kwenye maji yao ya bahari.

Mimi nikatangulia kwa teksi na samaki, ndoo mapajani, pampu ya betri inawapulizia hewa. Nikawaweka kivulini, nikashuka ufukweni Kunduchi kuchota maji ya bahari ya kuongezea, maana tangi la lita 200 halijai kwa dua.

Narudi, nakuta mawe yamepangwa kwenye karo. Meupe pee. Yanaanikwa jua la saa nane. Jamaa kasimama pembeni, anatabasamu, kanyoosha mkono:

"Bosi wangu mwenyewe, nimekuoshea mawe. Yalikuwa na ukungu na yananuka shombo. Utaniongeza elfu tano ya sabuni."

NIMEKUOSHEA MAWE!

Ule "ukungu" ndio uhai wenyewe! Kwenye vitundu vya yale mawe wanaishi bakteria wanaoibadilisha amonia ya kinyesi cha samaki iwe nitriti, halafu nitrati, ambayo samaki anaweza kuishi nayo. Kuwakuza upya ni kazi ya wiki kadhaa. Yeye kawapiga sabuni ya unga, kawasuuza na maji ya bomba yenye klorini, kisha jua. Ukoo mzima umekwisha, hajabaki hata wa kupokea rambirambi. Nimeinua jiwe moja nikakuta kaa mdogo kama punje ya mahindi, kakaukia kwenye tundu lake, povu bado limemzunguka.

Na ananiambia kanioshea mawe. Kwa fahari!

Maji yao kayamwagia migomba ya mwenye nyumba. Maji yenye gramu 35 za chumvi kila lita. Siku ya kwanza kwenye nyumba ya watu!

Mzee_wa_Tabata: Mtu mzima analia kwa ajili ya mawe. Dar ina watu.

MletaUzi: Wewe kakuoshea nini? Nyamaza.

Mvuvi_Mstaafu: Pole sana mkuu. Hayo mawe usiyarudishe kwenye tangi, sabuni imeingia hadi ndani. Samaki waache kwenye ndoo na hewa, chakula kidogo mno, maji ubadilishe kila siku amonia isipande. Mchanga je?

MletaUzi: Mchanga umepona kwa sababu ndoo yake ilifunikwa na godoro. Angeiona angeufua.

Mvuvi_Mstaafu: Basi bado una mbegu. Bakteria wamo humo pia. Usiuvuruge sana, tabaka la chini likikaa bila hewa hutoa gesi inayonuka mayai viza, hiyo inaua samaki.

dada_wa_mbagala: Elfu tano ulimpa?

MletaUzi: Nimpe?? Dada yangu, mkono ulikuwa bado umenyooshwa! Mawe yanachuruzika sabuni, na yeye kanyoosha mkono! "Nimekuoshea mawe"!

kijana_wa_kino: 😂😂😂 nimekuoshea mawe

Fundi_Mabomba: Huyo huyo alililaza friji langu chali toka Mbagala mpaka Bunju, akaliwasha hapohapo. Oili ya kompresa ilishapanda kwenye mabomba, likaunguruma mara moja, kimya mpaka leo.

dada_wa_mbagala: Friji? Kabati la marehemu mama alilikata miguu kwa msumeno ndiyo lipite mlangoni. Akasema "nimelipunguza kidogo dada".

Mzee_wa_Tabata: Afadhali huyo anafanya kazi. Madalali je? Kodi ya mwezi mzima kwa kunionyesha mlango ambao nilikuwa nimeshauona mwenyewe.

kijana_wa_kino: Na hela ya kuonyeshwa chumba unalipa hata kama hujakipenda!

MletaUzi: Jamani turudi kwenye mawe.

Fundi_Mabomba: Wa Goba ndiyo kiboko. Anakwambia "dakika tano toka lami", unatembea mpaka unasikia kiu.

dada_wa_mbagala: Huyo wa kofia nyekundu? Alinionyesha nyumba wenyewe wakiwa wanakula mezani. Hawakujua kama wanahama.

Mzee_wa_Tabata: Huyo huyo! Ana namba yangu mpaka leo. Anzisheni uzi wake.