Ushauri: niombe maboresho gani kwenye programu ya kuchakata picha za RAW?

Lenzi Chakavu (mwanzisha uzi)

Habari wakuu. Programu ninayochakatia picha zangu za RAW (data ghafi ya kamera, kabla haijachakatwa) ni ya chanzo huria, na waundaji wake wanapokea maombi ya maboresho kabla ya toleo lijalo. Orodha yangu ni ndefu, na najua ukimpelekea mtu orodha ndefu hasomi hata mstari mmoja. Wengi wao wanajitolea tu, halipwi mtu pale. Kwa hiyo nataka nipeleke mambo mawili au matatu yenye maana.

Yanayonikera ni haya. Nikifungua picha, mwanzoni naiona nzuri, rangi zimeshiba, halafu ghafla inapauka mbele ya macho yangu. Mawingu yaliyoungua (yaliyopata mwanga kupita kiasi) yanageuka pinki yenye uzambarau. Kuondoa chenga (vidoadoa) kwenye picha za usiku kunaifanya kompyuta ipumue kwa shida. Nikihamisha folda, programu inaniambia picha hazipo. Na nikinakili marekebisho kutoka picha moja kwenda nyingine, maski (eneo la kurekebishwa peke yake) niliyochora usoni kwa mtu inakwenda kukaa ukutani.

Mngekuwa nyie mngeanza na lipi? Na haya yote ni makosa ya programu kweli, au mengine ndivyo yalivyo?

Mzee wa Histogramu

Mkuu, hilo la kwanza si hitilafu, ila limewachanganya wengi kwa sababu programu zenyewe hazisemi kinachoendelea.

Faili la RAW limebeba JPEG (picha iliyokwisha kuchakatwa) ndani yake, iliyotengenezwa na kamera palepale ulipobonyeza. Programu inakuonyesha hiyo kwanza kwa sababu inafunguka upesi, kisha inaanza kutengeneza picha yake kutoka kwenye data ghafi. Ukiona imepauka ujue umeshatoka kwenye kazi ya kamera, umeingia kwenye kazi ya programu.

Na data ghafi yenyewe bado haijawa picha. Kwenye sensa za kawaida (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) kila pikseli imefunikwa chujio la rangi moja tu: nyekundu, kijani au bluu. Nusu ya pikseli zote ni za kijani. Ni mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ilitoka mwaka 1976, na hadi leo kamera nyingi zinautumia. Zile rangi mbili zinazokosekana kwenye kila pikseli zinakisiwa kutoka kwa majirani zake. Baada ya hapo kamera huongeza mkunjo wake wa mwanga (namna inavyopanga giza na mwanga) na ladha yake ya rangi, na hesabu hizo watengenezaji hawazitoi. Programu haina namna ya kuzijua, inakaribia tu.

Kwa hiyo usiombe "picha ifanane na ya kamera". Omba mambo mawili: picha inayoonekana iwe na alama ya kusema ni JPEG ya kamera au ni ya programu, na kuwe na kitufe cha kuziweka ubavu kwa ubavu. Na kama kuna mkunjo umewekwa kabla sijagusa chochote, nitajiwe jina lake na nionyeshwe mahali pa kuuzima.

Shata Taratibu

Naunga mkono hapo kwenye alama. Ila mimi JPEG hiyo ya ndani naitaka kwa sababu nyingine kabisa.

Napiga hafla. Hafla moja inarudi na mamia ya picha, na kazi inayonimaliza ni kuchambua, kuhariri ni cha mtoto. Picha tano za tabasamu lilelile, nitafute ipi jicho limekaa kwenye fokasi. Programu yangu kila nikikuza picha inaanza kuchakata RAW nzima, nasubiri, nakwenda ya pili, nasubiri tena. Wakati JPEG imo humo humo ndani! Ningeomba hali ya uchambuzi inayotumia JPEG ya ndani peke yake, na iwe inazifungua picha zinazofuata kabla sijabonyeza mshale.

Angalizo moja: kamera nyingine zinaweka humo JPEG ndogo, ukiikuza huoni kope. Kwa hizo programu haina budi kuchakata, lakini ichakate kile kipande ninachokitazama tu.

Kivuli Kirefu

Mnajichosha wadau. Ombeni kitufe kimoja cha akili mnemba, mambo yaishe. Simu zinafanya hivyo na watu wanafurahi.

Mzee wa Histogramu

@Kivuli Kirefu kwa anayetaka hivyo simu ipo, wala sibezi. Mtu anapiga RAW ili maamuzi yabaki mikononi mwake.

Biti Kumi na Nne

Ngoja nilishughulikie hilo la pinki, maana lina hesabu nyepesi na hapo ndipo ombi zuri lilipojificha.

Sensa ina kikomo. Kwa faili la biti 14 thamani ya juu kabisa ni 16,383, na mara nyingi kikomo halisi cha kamera kiko chini kidogo ya hapo. Tuseme wingu limeungua: nyekundu 16,383, kijani 16,383, bluu 16,383. Ukisoma hivyo utasema ni jeupe. Lakini sensa huipokea rangi ya kijani kwa urahisi kuliko hizo nyingine, kwa hiyo mizani ya weupe (marekebisho ya kufanya cheupe kionekane cheupe) inazipandisha nyekundu na bluu ili zilingane nayo. Kwa mfano nyekundu inazidishwa mara 2, bluu mara 1.5, kijani kinabaki kilivyo. Sasa wingu lako lina nyekundu 32,766, bluu 24,574 na kijani 16,383 ileile. Kijani kimeachwa nyuma, na picha isiyo na kijani cha kutosha ni pinki. Hesabu imekwenda sawasawa kabisa, tatizo ni kwamba ilipewa namba zilizokwisha kugonga dari.

Dawa ya zamani ni kuzikata rangi zote zilingane na kikomo cha kijani. Unapata weupe mtupu, hakuna pinki, lakini pia hakuna wingu. Dawa bora inatazama ni rangi ipi imejaa, yaani imefika kikomo. Mara nyingi kijani ndicho kinachotangulia kujaa, wakati nyekundu na bluu bado zina taarifa, na umbo la wingu linaweza kukisiwa kutokana na hizo. darktable na RawTherapee (programu huria za kuchakata RAW) zote zina njia zaidi ya moja za kufanya hivyo. Shida ni kwamba mtumiaji ndiye anayelazimika kujua ajaribu ipi.

Ningekuwa mimi ningeomba hivi: programu inionyeshe juu ya picha yenyewe ni wapi imejaa rangi moja, wapi mbili, wapi zote tatu, ikihesabu kutoka kwenye data ghafi kabla ya mizani ya weupe. Histogramu (chati ya mwanga) ya nyuma ya kamera inatokana na JPEG, kwa hiyo inaweza kukupigia kelele kuwa umeunguza wakati RAW iko salama. RawTherapee inayo histogramu ya data ghafi na darktable inacho kiashiria cha namna hiyo, kwa hiyo si ndoto, inawezekana.

Lenzi Chakavu

Mkuu Biti, hapo umenifungua macho. Kumbe sehemu iliyojaa rangi moja tu bado ina tumaini? Mimi nikiona pinki nilikuwa naikatia tamaa palepale.

Biti Kumi na Nne

Ina tumaini kubwa. Zikijaa zote tatu ndiyo umezika.

Folda Iliyopotea

Mimi nizungumzie kuhamisha folda, jina langu linajieleza.

Programu hizi zinatunza marekebisho kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni katalogi, yaani hifadhidata moja inayokumbuka kila picha iko njia gani kwenye diski. Lightroom Classic ya Adobe inafanya hivyo. Ya pili ni kifaili cha pembeni kinachokaa na picha: RawTherapee inaandika .pp3, darktable inaandika .xmp na bado ina hifadhidata yake. Ukihamisha folda kwa mkono nje ya programu, katalogi inabaki inabisha hodi kwenye nyumba ya zamani.

Ombi langu lingekuwa programu iitambue picha kwa yaliyomo, si kwa njia ya folda tu. Faili la RAW lina tarehe na saa ya kupigwa, mara nyingi pia namba ya kamera, na unaweza kulipigia hesabu ya alama yake ya kipekee. Picha ikionekana mahali papya, programu iulize: "Hii ni ileile, niunganishe?" Basi.

Ila msiombe marekebisho yahame kutoka programu moja kwenda nyingine yakiwa kamili. Kila mara kuna mtu analiomba hili na kila mara linakwama. Nyota, maneno ya utafutaji na maelezo yanasafiri vizuri ndani ya XMP. Vitelezi (vidhibiti vya marekebisho) havisafiri, kwa sababu "kivuli +30" ya huku na ya kule ni hesabu mbili tofauti.

Shata Taratibu

Na toleo jipya lisiguse picha zangu za zamani! Mteja anarudi baada ya muda mrefu anataka nakala, nafungua, rangi si zile nilizompa. Lightroom ilitenganisha matoleo ya uchakataji, kuna la 2010 na la 2012, na picha ya zamani inabaki na hesabu zake mpaka uibadilishe mwenyewe. Programu yoyote isiyofanya hivyo inanitisha.

Mzee wa Histogramu

Kuhusu chenga nitasema kwa kifupi. Njia nzuri za sasa zinaondoa chenga na kukisia rangi kwa pamoja, hapo mwanzoni kabisa, na hiyo ni kazi nzito; bila kadi nzuri ya grafiki utasubiri. Adobe walipoleta yao mwaka 2023 ilikuwa inazaa faili jipya la DNG (aina ya faili la RAW ya Adobe), na hilo ni kubwa kwa sababu kila pikseli sasa imebeba rangi tatu badala ya moja. Usiombe "iwe haraka", hakuna muundaji anayependa iwe polepole. Omba kazi hiyo ipangwe foleni, ifanyike nyuma wakati unaendelea na picha nyingine.

Lenzi Chakavu

Nimewasoma wote, nashukuru sana. Kinachonijia ni kwamba karibu kila mmoja wenu analalamikia kitu kilekile: programu inafanya jambo bila kusema. Inabadilisha JPEG kimya, inaweka mkunjo kimya, inakata mwanga kimya. Kwa hiyo nitaacha chenga na maski kwa sasa (maski inanikera bado!) nipeleke mawili: alama ya chanzo cha picha inayoonekana, na ramani ya rangi zilizojaa. La folda nitalipeleka peke yake baadaye.

Rasimu ya la pili: "Ninapofungua picha yenye maeneo yaliyoungua, siwezi kujua ni rangi ngapi zimejaa kwenye data ghafi, kwa hiyo nachagua njia ya kurejesha mwanga kwa kubahatisha. Naomba ramani juu ya picha inayotenganisha rangi moja, mbili na tatu." Inatosha?

Biti Kumi na Nne

Inatosha, na nimependa umeanza na shida kabla ya suluhisho. Wakipata njia nzuri kuliko ramani waachie nafasi. Ongeza toleo la programu, mfumo wa kompyuta na modeli ya kamera, maana kikomo cha kujaa kinatofautiana kati ya kamera na kamera. Kabla ya kutuma tafuta kwanza kama kuna mtu ameshaomba. Kama yupo, weka mfano wako chini ya ombi lake badala ya kufungua jipya.

Na ambatisha faili la RAW lenyewe. Picha ya skrini haiwasaidii kitu.

Lenzi Chakavu

Faili nililonalo lenye pinki nzuri ni la watu, siwezi kulitoa hadharani.

Shata Taratibu

Usilitoe hilo kaka. Weka karatasi nyeupe iliyokunjwakunjwa kwenye jua, piga mara kadhaa ukipandisha mwanga stopu moja moja (kila stopu ni mwanga mara mbili) mpaka iungue yote. Watapata rangi moja, mbili na tatu kwenye mfululizo mmoja, na hakuna sura ya mtu humo.

Lenzi Chakavu

Hiyo nimeipenda. Jua likitoka tu naipiga.