Maswali ya wanafunzi ofisini: nayarudishaje darasani?

Mwl_Takwimu
Wakuu, habari zenu. Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, ukumbi unajaa hadi kwenye ngazi. Saa za ofisi ni Jumanne mchana, zimebandikwa mlangoni. Wanaokuja ni wachache, na wiki ya test wengi wao wanakuja kulilia maksi. Ila swali moja halikosi: kwa data 2, 4, 6, 8 kalkuleta inampa mwanafunzi mkengeuko sanifu (kipimo cha data zilivyotawanyika kuzunguka wastani) 2.24, ubaoni niliandika 2.58. Namweleza kwamba kwa sampuli tunagawa kwa n−1, yaani idadi ya data toa moja, anaitikia, anaondoka. Kisha anaingia mwingine na swali lilelile.

Fomu za tathmini zinajazwa mwisho wa muhula, wa kusapu (kurudia mtihani) wameshajijua. Nataka kutumia ninayoyasikia sasa. Lakini nisije nikapindisha kozi nzima kwa ajili ya hao wachache wenye ujasiri wa kugonga mlango. Mnafanyaje?

Bi_Hesabu
Mimi nina daftari la ofisini. Siandiki jina wala mada, naandika hatua aliyokwamia. "Hajaelewa mkengeuko" haikusaidii kitu. "Hajui abonyeze σx au sx" (kwenye kalkuleta σx inagawa kwa n, sx kwa n−1) unaifundishia kipindi kijacho, kabla hujafungua slaidi. Waambie wastani ni 5, tofauti tatu za mwanzo ni −3, −1 na 1. Ya nne je? Ukumbi mzima utajibu 3, maana jumla lazima iwe sifuri. Basi zilizo huru ni tatu tu, ndiyo maana jumla ya miraba ya tofauti hizo, ile 20, inagawanywa kwa 3 badala ya 4.

Kobe_wa_Silabasi
Kila wiki ukirudia ya ofisini, silabasi utaimaliza lini? Hayo waachie wasaidizi kwenye semina.

Bi_Hesabu
Wasaidizi wenyewe nimewapa daftari. Na silabasi iliyoisha huku watu wanabonyeza σx imeishia kwa nani?

CR_Mstaafu
Shikamoo mwalimu. Anayegonga mlango mara nyingi katumwa. Sisi tulikuwa na diskasheni usiku, tukikwama anateuliwa asiyeogopa. Muulize, "Hili mmekwama wangapi?" Pengine ni nusu ya hosteli. Wasiokuja kabisa, wape karatasi bila jina mwisho wa kipindi, waandike sentensi moja tu: wapi nimepotea. Halafu niseme wazi, mabinti wengi hawaingii ofisi ya mhadhiri peke yao, na rushwa ya ngono vyuoni sote tunaijua. Hamishia saa hizo mahali pa wazi.

Mwl_Takwimu
Marahaba CR, hilo la mwisho limenigusa. Jumanne nitakaa kwenye mabenchi nje ya maktaba, tangazo la mlangoni nimeshabadilisha. Daftari nalo nimenunua. Na hao wa kulilia maksi, kabla sijagusa karatasi zao watanionyesha kwanza ni mstari upi walipotelea.