"Hasikilizi, hana bidii": hivi ndivyo mwalimu alivyomwandikia mtoto wangu asiyesikia vizuri

Wakuu salaam. Nimekaa na hili tangu jana, nikaona nisipoandika nitapasuka. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Binti yangu yuko darasa la nne, shule ya serikali. Ana usikivu hafifu, anavaa mashine masikio yote mawili. Siku ya kumwandikisha tulipokelewa kwa bashasha: "Mama usiwe na shaka, sisi ni shule jumuishi." Jina likaingia kwenye rejista, na kwenye safu ya wenye mahitaji maalumu ikawekwa tiki. Ujumuishi wote ukaishia kwenye hiyo tiki.

Jana kaja na daftari. Imla, 2 kati ya 10. Chini, kwa wino mwekundu: "Hasikilizi, hana bidii."

Hasikilizi! Yaani mtu anaziona mashine masikioni mwa mtoto kila siku iendayo kwa Mungu, halafu anaandika hasikilizi.

Nikamuuliza imla ilisomwaje. Mwalimu alikuwa anazunguka katikati ya madawati, anasoma huku amewapa mgongo. Yeye akaandika alichodhani kakisikia. Neno lilikuwa "bata", kaandika "pata". Kwa wasioelewa, nendeni mbele ya kioo mseme baba, papa, mama bila kutoa sauti. Midomo inafanya kitu kilekile mara tatu. Anayesoma midomo anaokolewa na sentensi: akijua habari inahusu nini, anajaziajazia. Imla ya neno mojamoja haina cha kumwokoa, na ukishamgeuzia kisogo hata hiyo midomo humpi.

Halafu kuna hawa wanaosema "si ana mashine?" Mashine si miwani, jamani. Miwani ikikukaa unaona. Mashine inakuza sauti ya mwalimu, na inakuza pia kiti kinachoburutwa, kikohozi cha nyuma, kelele za darasa la jirani. Mwalimu akisogea hatua chache tu, sauti yake inazama humo. Mtoto anashinda siku nzima anachambua. Akifika nyumbani anazivua, anakaa kimya karibu saa nzima. Zamani nilidhani kanuna.

Na wala sikudai makubwa. Kuna kipaza sauti kidogo cha mwalimu kuvaa, kinachopeleka sauti moja kwa moja kwenye mashine za mtoto. Hicho sikukitaja hata kwa bahati mbaya. Muhula wa kwanza niliomba akae mbele, mwalimu azungumze akiwa amelitazama darasa, jibu la mtoto wa nyuma lirudiwe, na kazi ya nyumbani iandikwe ubaoni badala ya kutajwa wakati kengele inalia. Nikajibiwa: "Mama, siwezi kumfundisha mmoja nikawaacha wengine." Kwani hao wengine wanadhurika nini kazi ikiandikwa ubaoni?

Niseme ukweli, yule mwalimu namwonea huruma kiasi. Darasa limefurika, na sidhani kama kuna aliyewahi kumkalisha chini hata nusu siku akamweleza mtoto kama huyu anafundishwaje. Waliomletea mtoto na kumwachia ajitegemee ndio wa kulaumiwa zaidi. Lakini kugeuza uso kunahitaji semina gani?

Kwenye kikao cha wazazi ndiyo nilichoka kabisa. Mzazi mwenzangu akasimama, mbele za watu, akasema watoto "wa aina hii" wanawarudisha nyuma wenzao. Na meza kuu kimya.

Najua humu wapo watakaosema mpeleke shule maalumu. Shule hizo sizidharau hata kidogo. Mtoto anayetumia lugha ya alama anahitaji walimu na wenzake wanaoizungumza, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unaitaja lugha hiyo kwenye ibara ileile ya 24 ya elimu. Wangu anaongea, anasoma vitabu vizuri tu, rafiki zake wako pale. Siku nikimhamisha niwe nimechagua, si nimefukuzwa kwa ujanja.

Kamati inayosimamia mkataba huo ililiweka wazi mwaka 2016: kumwingiza mtoto mwenye ulemavu kwenye darasa la kawaida bila kubadilisha ufundishaji wala mazingira si elimu jumuishi. Sasa hapa kilichobadilika ni nini? Rejista!

Na bado sijasema kilichonikosesha usingizi. Wameniita Jumatatu. Wanapendekeza arudie darasa. Arudie, akae palepale, kwa utaratibu uleule, apewe mgongo uleule mwaka mwingine mzima, kisha waseme ni mzito.

Sikubali. Ninachotaka kwenu mliowahi kupita njia hii: mlianza na barua kwa mwalimu mkuu au mlikwenda moja kwa moja ofisi ya elimu? Mliwezaje kupata ahadi zao kwa maandishi, maana za mdomo nimeshazipokea nyingi? Na kuna aliyefanikiwa kudai mtihani wa imla urudiwe mtoto akiwa ameuona uso wa msomaji? Daftari ninalo, wameshaliulizia mara moja. Sijalirudisha.